Fungu la Raelynn

Mdogo wangu Twyla alikuja kuniambia Jumapili moja ya Agosti, tulipotoka kanisani. Nilikuwa kibarazani kwangu namenya matufaha. Nilimsogezea kiti akakataa.

"Kaa basi."

"Nikikaa nitashindwa kusema. Namtoa Raelynn shuleni. Nitamsomesha nyumbani. Denver ameshajaza fomu za ile ruzuku ya jimbo kwa wanaosomesha nyumbani, na wamekubali."

Denver ni mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu. Raelynn ni binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi. Na mimi ni Norma Skaggs, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya bonde letu. Mwaka ule nilikuwa naingia mwaka wa ishirini na tisa wa kufundisha, darasa lile lile, dirisha lile lile linalotazama mlima uliokatwa kichwa na wachimba makaa.

"Atafundishwa na nani?" nikamuuliza. "Wewe? Wewe uliyemaliza shule kwa kunakili kazi za mwenzako Brenda?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Alikuwa kwako mwaka mzima, dada. Darasani kwako. Na hajui kusoma."

Alisema kweli, na kweli ile nilikuwa naijua. Raelynn alikuwa na akili ya kujificha. Akisikia mwenzake anasoma ukurasa, anaukariri, zamu yake ikifika anausema wote huku macho yake yako kwingine kabisa. Kila asubuhi tumbo lilimuuma. Mara mbili niliandika barua ya kumwombea msaada. Mwalimu wa wenye shida ya kusoma alikuwa mmoja kwa shule nne, kwetu alikuja Jumatano, theluji ikimruhusu. Nilikuwa na watoto ishirini na saba. Mwisho wa mwaka nikampandisha darasa kama wengine, nikajiambia labda wa darasa la tano ataweza.

Lakini mtu akiguswa kidonda hajibu kwa haki. Nikamwambia, "Unajua akiondoka anaondoka na fungu lake? Oktoba wanahesabu watoto. Kila anayepungua, shule inapungukiwa fedha. Mnatumaliza mmoja mmoja."

"Fungu lake?" Twyla akasema. "Si umesema mwenyewe ni lake?"

Akashuka ngazi. Tunakaa barabara moja, nyumba sita katikati yetu, na hatukusemeshana kwa wiki kumi na moja.

Habari zao nilizipata kwa Denver, nikimkuta kituo cha mafuta. Fedha zenyewe hawapewi mkononi. Zinakaa kwenye akaunti ya mtandaoni, mzazi anachagua vitabu, anaomba, ofisi inaidhinisha au inakataa. Twyla alikuwa amechagua mtaala mmoja uliotungwa kwa watoto wa aina ya Raelynn, ambao herufi zinawacheza shere.

"Mtaala umefika?" nikamuuliza Denver mwishoni mwa Septemba.

"Ombi limerudishwa. Wanataka maelezo zaidi."

Oktoba nikamuuliza tena.

"Limerudishwa tena. Ndani kuna herufi za sumaku. Wanasema hizo ni vitu vya kuchezea." Akapangusa uso kwa kofia. "Nimewaandikia kutoka Ohio, nimewaandikia kutoka Tennessee. Nikiegesha gari nawaandikia. Mimi kazi yangu ni kubeba mbao, shemeji, si kubishana na kompyuta."

"Na mtoto anafanya nini muda wote huo?"

"Anakula," alisema. "Asubuhi anakula, na tumbo haliumi."

Nililipa mafuta yangu, nikarudi nyumbani.

Katikati ya Novemba, siku ya Jumamosi, Twyla akapiga simu. Hakusalimia. "Njoo uone kitu."

Raelynn ndiye aliyefungua mlango. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja.

"Mama mkubwa, umekuja kunirudisha?"

Nimefundisha watoto wengi, wengine sasa ni wazazi, na sikumbuki swali lililonichosha kama lile.

"Sikuja kukurudisha," nikamwambia. "Nimeitwa na mama yako."

Juu ya meza ya jikoni palikuwa na maboksi matatu ya ule mtaala, hatimaye umeidhinishwa, yamefunguliwa: kadi, vitabu vyembamba vya mtoto, zile herufi za sumaku zilizoleta kesi, na kitabu cha mwalimu, kinene kama Biblia ya mimbarini. Twyla akamtuma mtoto akawape mbwa chakula. Akakisukuma kile kitabu hadi mbele yangu.

"Nisomee."

"Nini?"

"Ukurasa wa kwanza. Nisomee tu."

"Miwani yako iko wapi?"

"Dada." Alitazama meza. "Si miwani."

Sikuelewa mara moja. Nimemzidi miaka kumi na tatu. Alipoanza shule mimi nilikuwa chuoni, aliporudi na ripoti mbaya mama alisema ni mvivu, nami nikaamini, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi. Twyla anafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku hiyo ndipo aliponieleza kwamba kadi za chakula za wazee anazijua kwa rangi: njano ni mgonjwa wa sukari, buluu ni wa kusagiwa chakula. Mwaka walipobadilisha rangi alishikwa na homa siku mbili kwa woga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Mwalimu?"

"Twyla, kama hivyo ndivyo, kwa nini ukamtoa? Ulitarajia umfundisheje?"

"Sikujua kitabu kitakuwa kinene hivi," alisema, na karibu acheke. Kisha akaacha. "Nilimtoa kwa sababu najua anachokifanya pale. Nilikifanya miaka kumi na miwili. Kila asubuhi unaamka kwenda kudanganya watu wazima, na unawaweza. Hakuna mtu anajua inavyochosha."

Nje mbwa walikuwa wanabweka na Raelynn anawafokea wapange foleni. Nikakifungua kitabu, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na wa pili, hadi chai ikapoa.

Basi ikawa kila Jumanne na Alhamisi, nikitoka shule, nasimama kwa Twyla. Nakuta maharage na mkate wa mahindi, nakula nikiwa nimevaa koti, tunaanza. Sauti moja, herufi moja. Raelynn anaichora kwenye sinia la chumvi kwa kidole, anaitamka, anaifuta. Siku moja anaweza kumi, kesho yake saba zimepotea. Mtaala ulisema usikasirike, rudia. Mimi niliyekuwa nimerudia tangu saa mbili asubuhi na watoto wengine, nilirudia. Kuna siku nilimfundisha nimefumba macho, na yeye kwa adabu akaendelea kuchora.

Twyla alikaa nasi akimenya viazi. Viazi gani vinamenywa saa nzima? Nilimwona midomo yake inacheza. Siku moja, Machi, Raelynn ndiye aliyesema.

"Mama, hiyo ni *d*. Umesema *b*."

"Nimekosea nini sasa, na mimi nimenyamaza?"

"Midomo yako imesema *b*."

Twyla akaweka kisu chini, akachora *d* kwenye chumvi. Tangu hapo viazi vikaachwa.

Lakini nyuma kidogo, Januari, bodi ya shule ilituita kwenye ukumbi wa michezo ikatangaza kwamba shule itafungwa Juni. Watoto hawatoshi. Hilo lilikuwa na sababu nyingi: mgodi umefungwa, vijana wamehamia miji mingine, na ndiyo, wengine wameondoka na mafungu yao. Ila sababu nyingi hazina uso, na watu wakiumia hutafuta uso. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Wapo wanaofundisha huku mchana na kule jioni."

Sikugeuka. Hakukosea.

Kesho yake mwalimu mkuu, Bwana Hensley, akanisimamisha kwenye korido. Mtu mwema, mchovu kama mimi.

"Mwalimu Norma, sikukatazi. Saa zako za jioni ni zako. Ila gari lako ni jekundu sana."

"Nilipake rangi?"

"Liegeshe nyuma ya nyumba ya mdogo wako tu."

"Nyuma kuna matope," nikamwambia. Jumanne nililiegesha mbele kama kawaida. Si kwa ushujaa. Sikuwa na nguvu ya kusukuma gari kutoka matopeni.

Mwezi wa Aprili Twyla alinijia na wazo ambalo Denver alilikuta kwenye tovuti ya ruzuku. "Jiandikishe kama mwalimu wa ziada. Utalipwa kutoka kwenye akaunti ya Raelynn. Unajichosha bure."

"Hapana."

"Si haramu, dada."

"Sijasema haramu. Fungu hilo limetoka kwetu shuleni. Nikilila, sitajua tena ninamlilia nani, shule au mtoto."

Akanitazama, akaniongezea maharage. Hakulirudia tena, nami sijui hadi leo kama nilikuwa na haki au nilikuwa na kiburi tu.

Juni tulifunga. Nilibandua alfabeti ukutani, nikagawa mimea ya dirishani. Bwana Hensley alistaafu. Mimi nilipelekwa shule kubwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa dakika hamsini, watoto thelathini na wawili. Wiki ya kwanza ya Septemba, miongoni mwao nilishawaona wawili wanaokariri kwa kusikiliza. Niliandika barua siku hiyo hiyo, ya wote wawili, nikaipeleka kwa mkono wangu. Wakasema wataona.

Alhamisi ya wiki hiyo nilifika kwa Twyla jua limeshashuka nyuma ya mlima. Raelynn alikuwa ameshapanga vitabu. Nikasema nakaa kwenye kochi dakika tano tu.

"Umechoka, dada," Twyla akasema.

"Nimechoka."

"Lala. Leo tutajaribu wenyewe."

Nilitaka kukataa. Nikamsikia anafungua kile kitabu kinene. Akaanza kusoma maelekezo, neno moja, kimya, neno moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Raelynn hakumharakisha. Mahali fulani Twyla alikosea neno, na sentensi nzima ikapinda, na wote wawili wakaendelea bila kujua. Ningeweza kuwasahihisha. Nilivuta blanketi, viatu bado viko miguuni, nikawaacha.