Lipu ya Mkono wa Pili

Fundi lipu alirudi kazini na nguo zile zile za msibani. Akapita getini bila kusalimia mtu, akapanda ngazi moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Mkewe alizikwa jana yake. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: ule ukuta usiguswe.

Maana lipu, kwa asiyejua, hupigwa mara mbili. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la chini, ni wa hovyo hovyo, na kabla haujakauka unaukwaruza kwa msumari, ili mkono wa pili upate pa kushika. Mafundi wengine hukwaruza mistari, basi. Huyu bwana alikuwa anachora. Kuku, baiskeli, mama mkwe kashika kiuno. Kisha anafunika mwenyewe na kuendelea na maisha yake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akifanya kazi naye, aliwahi kumuuliza ndiyo nini hivyo.

"Mikwaruzo tu, shemeji."

Na mkewe, masikini, alimwomba miaka nenda miaka rudi amchoree kitu ukutani nyumbani, pale juu ya meza. Jibu lilikuwa lile lile: "Mimi fundi, mke wangu. Mchoraji ni mtu mwingine." Ukaidi gani huo, jamani. Ukuta wa nyumbani ukabaki na kalenda ya duka la rangi.

Siku mkewe alipolazwa, fundi alikuwa kwenye ukuta wa chumba hiki. Akamchora yeye. Mwanamke alikuwa na pengo mbele, na kila akipigwa picha alifumba mdomo, kwa hiyo simu nzima imejaa mtu aliyenuna ambaye fundi hamjui. Ukutani alimchora anavyocheka jikoni, kichwa nyuma, pengo nje. Ikatoka yeye hasa, mpaka fundi akaogopa, akaketi chini kumtazama. Hapo ndipo simu ya hospitali ilipoingia, kwamba amefariki.

Sasa alisukuma mlango. Ukuta ulikuwa laini, umenyooka kona hadi kona, na bado una unyevu.

Shemeji alikuwa anaosha mwiko, macho mekundu. "Msimamizi alisema chumba kisipoisha leo nafasi yako anampa mtu mwingine," alisema. "Nikaona haiwezekani. Nimekumalizia tangu alfajiri. Wewe pumzika."

Fundi alimwagia ukuta maji, akaanza kukwangua kwa ncha ya mwiko, pale alipojua pana mdomo. Kikabanduka kipande kizima. Mkono wa kwanza ulikuwa umetoka pamoja na wa pili, umeng'ang'ana nao, na nyuma yake tofali tupu. Akajaribu kwa kucha, polepole. Tofali tena.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Yumo humu."

"Nani?"

"Dada yako. Nilimchora anacheka."

Shemeji aliweka mwiko chini. "Niliona mistari. Nikajua ni ile mikwaruzo yako. Nikasema hata afadhali, imeingia ndani, lipu itashika."

Na kweli ilishika. Fundi alikwangua tena kidogo, akaacha, kwa sababu kila alipomtafuta alimvunja. Akaegemeza paji la uso ukutani, akalia kwa sauti, na shemeji akamshika mgongo akilia naye.

Chini, msimamizi alisikika akiuliza kama chumba cha nyuma kiko tayari.

Fundi akajifuta. Akachanganya saruji kidogo, akaziba lile tundu kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa kwanza. Ulipoanza kukaza akachukua msumari. Akausogeza, ukasimama. Akausogeza tena. Mkono wake haukumpa kitu.

Mwisho akakwaruza mistari iliyonyooka, kama mafundi wengine, akauokota mwiko wa shemeji, akapiga mkono wa pili na kumfumba mkewe mdomo.