Treni Iliyokwama Asilimia Tisini na Tisa

Usiku wa jana niliota kishikwambi changu kimekataa kwamba mimi ni mwalimu.

Nilikuwa mbele ya darasa la sita, chaki mkononi. Kishikwambi kilikuwa mezani, kimeegemea kopo la maua, kinanitazama kama mkaguzi aliyefika bila taarifa.

"Mtumiaji namba elfu nne mia nne sabini na moja," kikasema. "Jitambulishe."

"Mimi ni Mwalimu Mihayo. Tuko wote mwaka wa pili huu. Juzi tu nimekununulia kava."

"Uso haujatambulika. Sogea karibu. Fumba jicho. Siyo hilo."

Watoto wakacheka. Nikawakazia macho, nikagundua nao hawanijui.

Kabla sijaendelea, niseme nilichofanya jana mchana nikiwa macho kabisa. Shuleni kwetu kuna programu ya kusahihisha insha. Unapiga picha daftari, yenyewe inahesabu makosa na kutoa alama, wewe unachagua maoni. Jana nilikuwa na madaftari mia moja na kumi na mawili. Wanafunzi wote nikawabonyezea maoni yale yale, "Kazi nzuri! Endelea hivyo!", nikaenda kunywa chai.

Mmoja wao ni Nyamizi. Aliandika kwamba mama yake ana duka la kuoka mikate Arusha, na asubuhi, upepo ukiwa mzuri, harufu inafika mpaka hapa Tabora. Nyamizi analelewa na shangazi yake. Mama yake hajaonekana wala kupiga simu tangu mtoto akiwa darasa la tatu. Ninalijua hilo. Niliisoma insha yake mpaka mwisho, nikabonyeza: Kazi nzuri! Endelea hivyo!

Turudi ndotoni.

"Huwezi kuingia," kishikwambi kinasema. "Una ujumbe mmoja hujaujibu."

"Wa nani?"

"Wa Mwalimu Leokadia. Tarehe tisa Oktoba, mwaka themanini na saba. Unasema: Nione."

Nikaiweka chaki chini.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Mwalimu Leokadia alitupa insha ya "Baba Yangu." Nikaandika kwamba baba ni dereva wa treni, kwamba akipita Tabora anapiga honi mara mbili, moja ya stesheni na moja yangu. Ukweli ni kwamba baba alipanda treni kama abiria, kwenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, nikiwa na miaka sita. Hatukumsikia tena. Kengele ililia treni yangu ikiwa bado njiani, nikakusanya daftari hivyo hivyo. Likarudi na kumi na nane juu ya ishirini, na chini yake, kwa wino mwekundu: Nione.

Aliyesoma shule zetu hahitaji kuambiwa neno hilo lilikuwa na fimbo ndani yake. Nikajua uongo wangu umekamatwa. Nikamkwepa wiki tatu. Kila kipindi cha Kiswahili niliomba ruhusa ya kutoka. Choo cha shule nilikifahamu kuliko aliyekijenga. Wiki ya nne akahamishwa. Miaka mingi baadaye tukasikia amefariki, huko Mpanda. Neno lake nikabaki nalo.

"Sasa marehemu namwonaje?" nikauliza.

"Unapakiwa," kinajibu. "Tafadhali usizime."

Wanaingia wapagazi wawili. Mmoja ananishika miguu, mwingine mabega, wananibeba kama gunia la karanga.

"Mzee, mzito wewe," anasema wa miguuni.

"Ni vyeti," namwambia.

Wananitupa ndani ya behewa. Behewa lenyewe ni darasa letu; ramani ya Afrika bado inaning'inia ukutani, ila sasa inayumba. Treni inaondoka. Kila stesheni ina kibao chake. Asilimia Tisa. Asilimia Arobaini, hapo wanauza mayai ya kuchemsha. Asilimia Sabini anapanda mkagua tiketi, ananitoboa sikio, ananishukuru.

Asilimia Tisini na Tisa, treni inasimama. Nje ni nyasi tu. Kimya.

"Hapa tunakaa muda gani?" nauliza.

Mtu wa kiti cha mbele anageuka. "Mimi niko hapa tangu themanini na saba."

Ni Mwalimu Leokadia. Gauni lile lile la kitenge, mwanya ule ule, na kifuniko cha kalamu nyekundu katikati ya meno, anakitafuna taratibu kama alivyokuwa akitafuna akisahihisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mihayo. Umechelewa. Na hizo mvi, nani amekuruhusu?"

Nikasimama mikono nyuma, mimi mtu mzima mwenye wajukuu wawili. "Nisamehe, mwalimu. Nilidanganya. Baba hakuwa dereva wa treni."

"Kwani nani alikuwa hajui? Mama yako alikuwa akiniletea vitumbua kila asubuhi."

"Sasa ulitaka kunichapa kwa nini?"

"Nani kasema kukuchapa?" Akacheka, mwanya wote ukaonekana. "Mtoto wewe! Nilitaka kukuuliza tu. Ile treni ilifika?"

Karibu miaka arobaini nimekuwa nikiandaa majibu ya swali lingine.

"Haikufika, mwalimu. Kengele ililia."

"Na ndiyo maana tumekwama hapa, na abiria wote hawa, na mayai yanaharibika. Kamata kalamu. Shika na kifuniko, ukikipoteza utanitambua."

Anafungua daftari langu kwenye mapaja yake. Kalamu inagoma. "Mimi ni ya kusahihisha," inasema, "siyo ya kuandikia."

"Nyamaza," Mwalimu Leokadia anaiambia, nayo inanyamaza.

Ninaandika. Siandiki kwamba treni ilifika Tanga. Siandiki kwamba ilirudi. Ninaandika kwamba dereva alichungulia nyuma kuhesabu mabehewa yake, akaona yote yamo.

Treni inashtuka, inaanza kwenda. Kwenye kona ninaiona injini mbele, na kiwiko cha mtu kimetokeza dirishani. Kisha kichwa. Kinageukia nyuma, kinahesabu. Ni mbali mno, siwezi kuuona uso. Ninainama nje mpaka Mwalimu Leokadia ananishika ukosi wa shati.

Honi inalia. Mara ya kwanza. Ninasubiri.

Mara ya pili.

Mfukoni mwangu kishikwambi kinasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia: "Uso umetambulika."

"Baba Sesilia! Saa moja hiyo! Na mkononi umeng'ang'ania nini?"

Alikuwa mke wangu. Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa nimekunja ngumi kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. Akanisaidia kuvifungua kimoja kimoja.

Kifuniko cha kalamu nyekundu.

"Uzee huo," akasema, "umeanza kutafuna vitu?"

Nikakisogeza dirishani. Kilikuwa kimetafunwa kweli, alama zimezama kulia, zimezama kushoto. Katikati, mahali meno mawili ya mbele yanapokutana, plastiki ilikuwa nzima, haijaguswa. Meno yangu mimi yamebanana, hata uzi haupiti.

Nilifika shuleni kabla ya mtunza kengele. Kishikwambi nikakiacha kwenye mfuko. Nikatafuta daftari la Nyamizi, nikatoa kalamu nyekundu iliyokuwa ikizeeka kwenye droo, na chini ya insha yake nikaandika: Nione.

Nikalitazama lile neno. Nikakumbuka wiki tatu za chooni.

Nikaongeza: Huna kosa. Nataka tu kujua kama mikate imeshaiva.