Mkono Ukutani

Hakuwa na kidole cha kati wala cha pete katika mkono wa kulia. Hakuwa na mkataba, ingawa alianza kazi pale kiwandani bintiye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakuwa na mume. Hakuwa na cheti cha hospitali, kwa sababu dereva wa kiwanda aliyempeleka kushonwa alirudi nacho mfukoni. Na mashine ya kukatia bati iliyovila vidole vyake haikuwa na kinga. Meneja aliing'oa kinga hiyo mwenyewe, akisema inachelewesha kazi.

Wenzake walimwita Shangazi. Walipochoka kulalamika bila kusikilizwa, walikwenda naye kwa Fundi Rangi, mchoraji wa vibao vya maduka na vinyozi, wakamtaka awachoree bango. Akachora ngumi. Shangazi aliitazama akacheka.

"Hii ngumi au kiazi?" aliuliza. "Halafu ngumi hata meneja anayo. Chora tulichonyang'anywa."

Fundi Rangi alitaka kuweka maneno chini ya mchoro. Shangazi akakataa: nusu ya wenzao hawasomi, na wanaosoma hupita mbio kuwahi geti. Lakini mtu akionyeshwa mkono mbovu, alisema, lazima autazame wa kwake. Basi akalaza mkono juu ya karatasi. Fundi akauzungushia penseli, akaujaza rangi nyeusi, na penye vigutu akapaka nyekundu.

Wakalibandika ukutani, mkabala na geti. Asubuhi watu walisimama mbele yake kama waliokuta maiti. Mlinzi, hodari wa kufukuza watu, alitia mikono mfukoni. Kufika mchana, wanawake wa ufungashaji walipita chini ya dirisha la meneja wameinua mikono, vidole viwili vimekunjwa, bila neno. Meneja alisimama pale asijue amfukuze nani.

Wiki haijaisha, Shangazi aliitwa ofisini. Alimkuta afisa kazi wa serikali, yuleyule waliyemwomba aje tangu mwaka jana. Bango limemfikia, aliwaza. Na kweli lilikuwa mezani, limebanduliwa pamoja na magamba ya chokaa.

"Weka mkono hapo, mama," afisa alisema kwa upole.

Aliuweka, akidhani anapimwa jeraha. Mkono ukakaa sawasawa ndani ya mchoro, hadi kidole kidogo kilichopinda.

"Ndiye huyu," afisa alimwambia meneja.

Hakuwa ameuliza mashine iko wapi.

Barua ilikuwa tayari. Meneja alimsomea: Shangazi aliumia nyumbani akipasua kuni, wachochezi walimchora bila ridhaa yake, anaomba radhi. Akiweka dole gumba, atabaki kazini.

"Nisipoweka?"

"Nani akulazimishe, Shangazi? Ila binti yako yuko ufungashaji, sivyo? Mikono myepesi yule. Kesho nampandisha, aende kwenye mashine yako ya zamani."

Shangazi alimgeukia afisa, aliyekuwa akipuliza chai.

"Baba, umesikia anachoniambia?"

"Nimesikia binti yako anapandishwa cheo."

Alisema ataweka dole, mradi kinga irudishwe kwanza. Meneja akacheka. Barua inasema mashine haijaumiza mtu. Kinga ya nini tena?

Akautoa mkono uleule. Meneja akamshika kiwiko, akalikandamiza dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Afisa aliisoma barua, akasema inapwaya, iongezwe "kwa uzembe wangu mwenyewe". Karani akachapa upya. Shangazi akaweka dole mara ya pili.

Karani aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuipigapiga kwa ngumi. Juu akaandika cheo cha afisa kazi na sanduku lake la posta, kisha akamnyooshea pale mezani.

Afisa akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi kuipokea hivi. Ipite posta. Lazima inifikie kwa utaratibu."

Ikabandikwa stempu, tarishi akakabidhiwa aipeleke. Na kwa kuwa posta ilikuwa njiani, afisa alisema atampa lifti.

Shangazi, akifuta wino kwenye sketi, aliwaona dirishani. Tarishi aliketi kiti cha mbele, bahasha mapajani, kando ya aliyeandikiwa. Mlinzi akapiga saluti, akafungua geti, wakaenda kuituma.