Bima ya Marehemu Abdurahmani

Alhamisi saa kumi jioni, Klementi wa bima alimkuta Kadija uani kwake, Kilwa Kivinje, akiepua mkate wa kumimina. Kadija, mkaanga samaki wa sokoni, alikuwa na kisukari, presha, na binti mmoja wa miaka tisa, Warda, asiye na baba wala mjomba. Alichotaka ni kimoja tu: yeye akifa, Warda aendelee na shule.

Klementi alimsomea maswali kumi na manne kutoka kwenye simu, na Kadija, masikini, akajibu kweli yote. Kidole chake kiligoma kusomeka mara nne, maana mafuta ya moto yalishafuta mistari zamani. Mara ya tano kikakubali, na kabla hajashusha mkono simu ikajibu kwamba amekataliwa.

"Si mimi, mama. Ni mfumo ndio unaoamua."

"Huo mfumo umeniona wapi?"

"Hauna haja ya kukuona."

Roho ilimuuma Kadija. Hapo akaingia baba yake, mzee Abdurahmani, aliyezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Huja kila Alhamisi kula sadaka yake, kama marehemu wengine wa mtaa ule, ila yeye kwa ulafi wake huwahi.

"Shikamoo, mzee," alisema Klementi.

"Marahaba. Hiyo bima na mimi naweza?"

Klementi alikuwa hajatimiza idadi ya wateja wa mwezi, akamuuliza. Presha? Hana. Sukari? Hana. Kulazwa hospitali mwaka huu? Hata siku moja. Kidole kilisomeka papo hapo. Kivinje mtu huzikwa siku ileile. Makaratasi yake ya kifo yatafuatwa, inshallah, watu wakipata nafasi. Kwa hiyo kitambulisho cha mzee kilikuwa hai bado, na mfumo ukamkubali kwa sekunde saba: daraja la kwanza, hatari hakuna.

"Mrithi mwandike Kadija," mzee akasema, mdomo umejaa. "Atalipwa lini?"

"Ukifariki, mzee."

Mzee akatafuna, akafikiri. "Basi avute subira."

Kampuni ilifurahi weee! Haijapata wateja watulivu namna ile. Klementi akapewa pikipiki, na kila Alhamisi akawa anakaa penye makaburi, marehemu wamepanga foleni, wakisukumana kidogo. Ada walikatwa watoto wao. Walio hai, wenye vikohozi vyao, aliwaomba wapishe njia.

Kadija alifariki Jumatatu moja, sukari ilipompanda pale sokoni. Alhamisi akaja nyumbani na baba yake, vidole vimerudisha mistari yote. Klementi, aliyewafuata kutoka makaburini, akamsomea maswali yaleyale, naye, kwa tabia yake, akajibu kweli yote. Sekunde nne.

"Umekubaliwa, mama. Hongera sana!"

Kadija alilia kwa furaha. Akamwandikisha Warda kuwa mrithi, akamkumbatia.

"Nitalipwa lini?" Warda akauliza. "Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Mama yako akifariki, mwanangu," Klementi akamjibu kwa upole, akimwingiza kwenye orodha ya walipaji.

Jumatatu Warda alikwenda sokoni kukaanga samaki, apate ada ya bima ya mama yake.