Funguo za Stoo

Mume wangu Filbert alitunza stoo ya vitambaa Kariakoo kwa miaka tisa. Jumatatu moja tajiri wake alimwambia kazi yake itakwisha baada ya mwezi, ila mwezi huo aumalize, atalipwa. Filbert hakungoja. Kariakoo nzima inajua kwamba mtunza stoo akishapewa notisi, kila jora linalopotea atasingiziwa yeye. Kesho yake alivaa shati la kanisani, akachukua mashahidi wawili, akaweka funguo mezani kwa tajiri na kutoka.

Wiki iliyofuata tuliketi mbele ya Marcelino, karani wa chama cha wafanyakazi, kudai mshahara wa mwezi ule wa notisi.

"Alikunyang'anya funguo?" Marcelino aliuliza.

"Hapana. Nilirudisha mwenyewe. Mimi si mwizi."

"Hakuna aliyekuita mwizi, kaka. Angekufukuza siku ileile, angekulipa mwezi mzima. Ungebaki kazini, angekulipa pia. Lakini umeondoka mwenyewe. Utapata za siku ulizofanya kazi tu."

Filbert alitazama mikono yake. Mimi nilifura kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

"Labda tajiri atashindwa kuthibitisha kwamba ulirudisha kwa hiari yako," Marcelino alisema. "Kuna watu walioona?"

Filbert alinigeukia. Shahidi mmoja alikuwa Pius, jirani yetu. Wa pili nilikuwa mimi, na siku ile nilirudi nyumbani nikijivunia mume wangu.