Wanafunzi Waliuliza Maswali Mengi

Shuleni kwetu ripoti ya ziara huandikwa kabla ya ziara. Msinicheke. Ofisi ya elimu inataka ripoti mezani siku ya Ijumaa, na basi tunalipata Jumamosi tu, kwa hiyo Alhamisi kipindi cha mwisho nasimama ubaoni na chaki, naandika tutakayoyaona, na watoto wananakili. Tulifika salama. Tulipokelewa vizuri. Tulijifunza mengi. Kipengele cha nne cha fomu kinauliza kuhusu ushiriki wa wanafunzi, na jibu lake nimelikariri kuliko namba yangu ya simu: wanafunzi waliuliza maswali mengi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha volkano, majangwa na bandari za dunia nzima, na sijawahi kuvuka mpaka hata kwa mguu mmoja. Pasipoti ninayo. Imeisha muda wake mara mbili nikaifanya upya, na kurasa zake bado nyeupe pe. Mke wangu anaiita mgonjwa wangu, kwa jinsi ninavyofungua kabati kila mara kwenda kuitazama hali.

Sasa mwaka huu ofisi ikatangaza shindano. Mwanafunzi atakayeandika ripoti bora ya ziara atapelekwa nchi jirani siku tano, yeye na wenzake tisa na mwalimu wao. Nilisoma tangazo lile nikiwa nimesimama, nikalisoma tena nikiwa nimekaa. Na mwandishi nilikuwa naye.

Alikuwa binti wa darasa la mwisho tuliyemwita Bi Kwanini. Jina alipewa na mwalimu wa fizikia, ambaye siku moja alitoka darasani katikati ya kipindi, akaja ofisini, akakaa, akasema, "Nipeni maji. Yule mtoto ataniua." Baba yake Bi Kwanini alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la umeme huko milimani, na nyumbani alirudi mara moja kwa mwezi, siku mbili, moja akiwa amelala. Tangu binti akiwa mdogo baba alimwahidi kumshusha chini kabisa ya bwawa akamwonyeshe gurudumu linalozungushwa na maji. Wageni hawaruhusiwi kushuka ila kwa ziara ya shule. Nilipotangaza kwamba mwaka huu tunakwenda bwawani, aliruka kutoka kwenye dawati kama aliyekalia kaa la moto.

Alhamisi ilipofika akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tutashuka mpaka chini?"

"Tutashuka."

"Kwa nini basi tunaandika kwamba tumeshashuka?"

"Kwa sababu ofisi inataka kesho."

"Ofisi inajuaje tutakachokiona?"

"Binti yangu, andika."

Akaandika. Wenzake walinakili ubao, yeye akaandika aliyosimuliwa na baba yake: sakafu inayotetemeka hadi unaihisi kwenye meno, harufu ya grisi, mafundi wanaoongea kwa mikono kwa sababu masikio hayana kazi kule. Alimalizia hivi: "Nilimwona baba yangu kazini kwa mara ya kwanza." Niliposahihisha nilitoa machozi, halafu nikaweka alama na kuipeleka ofisini mbio mbio.

Jumamosi basi lilikufa mlimani. Dereva alifungua boneti, akaangalia, akafunga, akafungua tena, kana kwamba injini ingeona haya na kuwaka. Fundi wa karibu alikuja saa saba na kuagiza kifaa ambacho hakikuja. Watoto arobaini walikaa kwenye majani wakila mikate yao, wengine wakacheza mpira wa karatasi. Bi Kwanini peke yake alisimama barabarani.

"Mwalimu, zimebaki kilomita ngapi?"

"Kumi na nane."

"Tutembee."

Nilicheka. Hakuwa anatania. Aliomba simu yangu akampigia baba yake, na mimi niliyekuwa karibu nilisikia sauti ya mwanamume ikisema yuko getini, amepiga pasi ovaroli, anasubiri. Tulirudi saa kumi kwa basi lililokuja kutuokoa. Njia nzima hakuna aliyemsemesha yule mtoto, na mimi nikajifanya nimesinzia.

Jumatatu nilimwendea mwalimu mkuu kuomba tarehe nyingine. Ni mama mpole, anapenda maua ya plastiki na mambo yaliyokwisha.

"Tarehe ya nini, mwalimu? Mmeshakwenda. Ripoti imepokelewa, tena wameisifu."

"Lakini hatukufika, mama."

"Bwawani shule haipokelewi mara mbili ndani ya miaka mitatu. Ukitaka kurudi, andika barua useme hamkufika. Ripoti itaondolewa kwenye shindano." Akanyoosha ua moja lililokuwa limepinda. "Ni juu yako."

Nikasema nitaandika. Nilimwahidi hata Bi Kwanini, pale kwenye korido, mkono kifuani. Na kila asubuhi niliiandika barua ile kichwani nikipiga mswaki, maneno mazuri kabisa, yenye uchungu na heshima. Kwenye karatasi sikuandika hata tarehe. Wiki tatu zilipita hivyo. Kisha ofisi ikatuma ujumbe: tumeshinda.

Nilifurahi. Sitaki kujificha. Nilikwenda nyumbani nikaitoa pasipoti kabatini, nikaibusu.

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mgeni rasmi alikuwa meneja wa bwawa, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza, na hapo ndipo nilipojua kwamba si sisi peke yetu. Bwawani nako kuna fomu. Nao hujaza kitabu cha wageni siku moja kabla, ili Jumamosi wasisumbuke. Humo tuliandikwa wote arobaini, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na chini kabisa saini ya fundi aliyetutembeza. Meneja alikuwa amemleta fundi huyo apewe cheti kwa kazi nzuri aliyoifanya siku ile. Mtu mwembamba mwenye kola iliyopigwa pasi hadi inang'aa. Alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Bi Kwanini alipomwona alinyanyuka nusu, akakaa tena.

Alisoma ripoti yake yote bila kukosea. Alipofika kwenye sentensi ile ya mwisho sauti ilimkwama, na watu wakapiga makofi wakidhani ni furaha. Meneja akasimama kumpa mkono.

"Una swali lolote, mwanangu? Nasikia wewe ni hodari wa maswali."

"Ndiyo, mzee. Gurudumu linazungukia upande gani?"

Meneja akacheka. "Linazunguka vizuri sana!"

Ukumbi ukacheka naye. Baba mtu hakucheka. Alikuwa akimtazama binti yake, na mkono wake wa kulia ukachora duara dogo hewani, polepole, kuelekea kulia. Niliuona mkono ule. Nikasimama kabla sijajua kwamba nimesimama, nikachukua kipaza sauti.

"Siku ile basi liliharibika njiani," nikasema. "Bwawani hatukufika. Huyu mtoto hajaliona hilo gurudumu. Naomba tupewe siku nyingine, na zawadi wapewe wengine."

Niliona fahari, jamani. Kwa sekunde kama nne nilijiona mtu.

Meneja hakukasirika. Alinishika bega kama mgonjwa wa homa. "Mwalimu amechoka. Mimi niliwapokea mwenyewe. Jina la huyu mtoto limo kitabuni. Tena aliyewatembeza si ndiye huyu hapa, na saini yake ninayo?" Akamgeukia fundi, bado anatabasamu. "Bwana fundi, ulitia saini kitu ambacho hukukifanya?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Fundi alisimama. Aliangalia cheti mezani, akamwangalia meneja. Akisema ndiyo, amekwisha. Saini ya uongo kwenye kitabu cha bwawa, hakuna anayebaki kazini kwa hiyo. Akisema hapana, amedanganya mbele ya shule nzima, na mbele ya binti yake anayejua ukweli. Na meneja aliyemwamuru atie saini ile alikuwa anasubiri jibu kwa upole.

Bi Kwanini alinyoosha mkono, kama darasani.

"Tulifika," alisema. "Baba alitutembeza. Tulishuka mpaka chini. Mwalimu amesahau."

Makofi yalitikisa madirisha. Mwalimu mkuu alilia kidogo. Baba alipanda jukwaani kuchukua cheti, akasimama karibu na binti yake wapigwe picha, na kati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Picha hiyo imetundikwa mlangoni pa ofisi, juu ya maua.

Baada ya sherehe nilimfuata uani nimwombe radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hakuna shida, mwalimu," kwa adabu kabisa, akaondoka. Heri angenitukana.

Nchi jirani tulikwenda, ndiyo. Mwezi uliofuata, watoto kumi na mimi. Afisa wa mpakani aligonga muhuri kwenye ukurasa wa kwanza, wino wa zambarau, umeegemea upande, na nilikuwa nimeungoja miaka ishirini na miwili. Tuliona kiwanda cha karatasi, makumbusho, na kituo cha umeme kikubwa kuliko chetu mara tatu. Kule walitushusha mpaka chini. Mwenyeji wetu, kijana mchangamfu, alisimama kando ya gurudumu linalounguruma, akatuuliza kwa sauti kubwa kama kuna mwenye swali.

Nilimtazama Bi Kwanini. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, daftari limefungwa, anaangalia viatu vyake. Nikangoja. Siku zote tano nilingoja.

Ripoti ilikuwa imeshapelekwa wiki moja kabla. Kipengele cha nne nilikijaza mwenyewe.