Fundo la Katani

Barua ya posa ilimfikia Hedwiga Jumanne, ndani ya bahasha safi, na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa kueleweka. Leticia, binti yake wa pekee, mwalimu wa watoto wadogo pale misheni, alitakiwa na mwanamume aitwaye Kurwa. Ukoo ulishakubali. Sifael, mdogo wa marehemu mumewe na msemaji wa familia, alishaanza kulamba midomo akiwaza mbuzi wa mahari. Lilibaki neno la mama, na mama alipewa mpaka Ijumaa.

"Mtu wa kuja," alinung'unika Hedwiga akipepeta maharage. "Kwao Kwimba. Nani anamjua babu yake? Alikuja kukata mkonge, shamba limefungwa, wenzake wamerudi makwao, yeye kabaki. Kabaki anafanya nini? Analinda nyayo!"

Ndiyo kazi yenyewe. Chini kule Makanya, wachimba jasi walikuwa wamefukua udongo mgumu wenye nyayo za watu wa kale, watu waliokanyaga tope kabla babu wa babu hajazaliwa, tope likakauka likawa jiwe. Wakubwa wakajenga kibanda cha mabati, wakaweka daftari la wageni na mlinzi mmoja, wakakiita makumbusho. Sasa jamani, tangu lini mtu mwema akashinda na nyayo za watu? Huku milimani hata mtoto anajua: anayekutakia mabaya hasumbuki na wewe. Anauendea unyayo wako, anaufungia fundo, basi. Unaanza kukauka mguu, halafu kiuno, halafu watu wanakuimbia.

Alhamisi alfajiri Hedwiga alijitwisha kikapu cha maharage, akamuaga Leticia kwamba anashuka sokoni. Uongo haukuwa mkubwa. Kikapu alikiacha Makanya kwa Priska, muuza dagaa, yeye akashika njia ya makumbusho. Miguuni alivaa viatu vya plastiki vya marehemu mumewe, vikubwa, amevijaza vitambaa mbele visimvuke. Miaka ya kupanga foleni ya sukari ilikuwa imepita, mitumba ilikuwa inamwagika soko la Same, lakini neema hiyo ilikuwa haijafika miguuni mwa Hedwiga.

Akamkuta kijana mrefu, amevaa katambuga za tairi, anafagia uwanja wa vumbi jeupe la jasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafagia vumbi?"

"Kila mgeni akitoka nafagia, nyayo za leo zisichanganyike na za zamani. Karibu. Naomba uvue viatu hapa langoni, ndiyo utaratibu."

Loo! Hata hawajajuana, anataka mguu mtupu! Hedwiga akavua, na vitambaa vikadondoka chini. Kijana akageuza uso haraka, akajifanya anatazama fagio. Hedwiga akaiweka moyoni: hawezi kunitazama machoni, hiyo ya kwanza. Kwenye daftari akadanganya, akaandika "Yudith, Kisiwani." Kurwa akasoma jina, akaitazama miguu ya mgeni, akamtazama usoni, akatabasamu. Hiyo ya pili.

"Karibu ndani, mama Yudith."

Nyayo zenyewe zilikuwa kumi na moja, zimejipanga kwenye udongo wa kijivu, vidole vyote vinaonekana. Hedwiga hakutaka kushangaa, lakini alishangaa. Zilikuwa miguu ya watu kabisa, kama ya mtu aliyepita asubuhi ile kwenda kuchota maji.

"Huyu alikuwa mwanamke?" aliuliza kwa mtego.

"Sijui, mama. Wageni hupenda niwaambie ni baba, mama na mtoto. Mimi nasema ninachokiona tu." Kurwa alichuchumaa. "Tazama. Mguu wa kushoto umezama kuliko wa kulia. Alibeba mzigo upande huo, tena mzito. Na hapa, ona, nyayo mbili pamoja, zinaelekea nyuma. Alisimama, akageuka, akaangalia alikotoka. Halafu akaendelea."

"Aliangalia nini?"

"Hilo udongo hausemi."

Kwa kitambo Hedwiga alimwona yule mtu wa kale na mzigo wake, na moyo ukataka kulegea. Akaukaza. Mwongo hodari, alijisemea, huanza kwa kukupa ukweli kidogo. Akaaga, akavuka uwanja, akavaa viatu vyake langoni, akaenda. Lakini hakwenda mbali. Nyuma ya lundo la jasi alijibanza, akachungulia.

Kurwa hakushika fagio. Aliangaza huku na huku. Halafu akapiga goti mbele ya unyayo wa Hedwiga, pale ulipotulia vizuri vumbini, akatoa mfukoni kamba ya katani, akailaza kutoka kisigino mpaka kidoleni. Akafunga fundo. Akaitia kamba mfuko wa shati, ndipo akafagia.

Yesu na Maria! Hedwiga alitoka pale mbio, na mguu wa kulia ukaanza kumuuma hapo hapo. Alipofika kwa Priska jasho lilikuwa linamtiririka.

"Dada, kuna nini?"

"Yule wa nyayo! Kanifungia fundo! Nimemwona kwa macho yangu!"

Sasa, mdomo wa Priska haukuwahi kuwa na kifuniko. Hedwiga alikuwa hajajitwisha kikapu chake vizuri, na habari ilikwishafika kwa wachimba jasi, kwa wauza mkaa, mpaka kwa wakata tiketi wa stesheni.

Ijumaa familia ikakaa. Sifael alijaribu, maskini.

"Shemeji, labda alikuwa anapima tu."

"Anapima nini? Kaburi langu?"

Sifael akasogeza kigoda chake nyuma. Mbuzi ni mbuzi, lakini uchawi ni uchawi.

"Mama," alisema Leticia, "umeona nini hasa? Umeona mtu na kamba."

"Nimeona fundo! Mimi ndiye niliyekuzaa, kama unanihitaji hai chagua."

Ndiyo maneno hayo, hakuna mtoto anayeyaruka. Na kwa kuwa pale nyumbani mwenye mwandiko mzuri ni mwalimu, Hedwiga akamwamuru Leticia mwenyewe aandike jibu: *Hatuwezi kumtoa binti yetu kwa mtu anayechukua nyayo.* Leticia aliandika bila kukosea hata herufi moja. Akakunja barua, akampa baba yake mdogo, na siku hiyo hakufungua kinywa tena, hata kwa salamu. Hedwiga alijiambia atazoea.

Jumamosi saa kumi alasiri Sifael akarudi kutoka Makanya, kwapani ana kifurushi cha gazeti.

"Amesemaje?" Hedwiga aliuliza.

"Kasoma mara mbili. Kaniuliza kama mwandiko ni wa Leticia, nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi sawa, baba.' Kaingia ndani, katoka na hiki. Anasema jana alikwenda Same kukitafuta, alikuwa anangoja siku ya kuitwa ukweni, maana haendi kwa mama mkwe mikono mitupu. Sasa nikuletee tu. Anasema hakuna mwingine wa kumwenea." Sifael akakohoa. "Halafu shemeji, anasema alikujua pale ulipovua viatu. Miguu yako na ya Leticia ni ile ile."

Hedwiga alifungua gazeti. Vilikuwa viatu vya kike, vyeusi, vya ngozi, mitumba ya daraja la juu, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, soli zimeshonwa upya. Ndani ya kimoja ilijikunja kamba ya katani yenye fundo.

Leticia aliiokota ile kamba, akapiga goti mbele ya mama yake, akailaza chini ya mguu wake kutoka kisigino. Fundo lilikoma pale pale kidole kilipokoma.

"Imeenea," alisema Leticia. Akainuka, akaingia chumbani.

Hedwiga aliona aibu. Wangapi wamewahi kumnunulia viatu katika maisha yake? Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, hakujua hata namba ya mguu wake.

"Huko chini kukoje?" aliuliza.

"Kubaya. Wachimba jasi wamekaa ng'ambo ya barabara wanamtazama tu. Wameshika mawe. Wanasema kuna mama kutoka juu amemshuhudia."

Jumapili hakwenda misa. Alivaa viatu vipya, akateremka kwa njia ya mkato, karibu anakimbia, maneno kayapanga kinywani: Baba, nisamehe, mimi ni mama mjinga, njoo nyumbani. Akayarudia kila kona. Atamshika mkono, atamvusha sokoni mbele ya Priska na wote, waone.

Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Bati la mbele lilikuwa limebonyea, na mawe yametapakaa mlangoni. Uwanja haukufagiwa. Vumbi jeupe lilijaa alama za mabuti, nyingi, zinazunguka kibanda na kurudi.

"Kurwa!" aliita. "Baba! Ni mimi, mama yake Leticia!"

Hapo ndipo alipoziona alama za katambuga, mistari ya tairi imetulia juu ya zile za mabuti, zinatoka mlangoni kwenda langoni. Hedwiga aliinama, akazisoma alivyofundishwa. Mguu wa kushoto umezama kuliko wa kulia. Alibeba sanduku. Hatua kama thelathini hivi zilikwenda moja kwa moja, halafu alama mbili pamoja, zimegeuka, zinaelekea milimani.

Alisimama hapo, viatu vyake vyeusi kando ya alama zile mbili, akalia kwa sauti. Kisha akafuata hatua zilizobaki mpaka barabara kuu. Kwenye lami hakukuwa na unyayo wowote. Viatu havikumbana hata kidogo.